Mkono Uliochukua Bahasha

Kisangani, 9 Machi 1986

Tonton Léon,

Tunakusalimu sote wa nyumba ya Tshopo, mmoja mmoja. Mama anataka ujue kwamba goti lake, yeye dada yako, limepona isipokuwa siku za mvua, na mvua haijatuacha hata wiki moja. Faustin, mkwe wako, amepata kazi kwenye kiwanda cha nguo, zamu ya usiku, kwa hiyo Élise hapendi kubaki peke yake na analala kwetu. Jumamosi, baada ya salongo, ile kazi ya lazima ya mtaa, tulifyeka kaburi la tantine Simone, mkeo. Msalaba ni wa saruji. Élise aliandika jina la mama yake kwa kidole kabla saruji haijakauka, na herufi ya mwisho imeharibika kidogo kwa sababu kuku alipita. Nakueleza haya kwa kuwa hujaliona.

Bahasha zako za jaribio la dawa zimefika. Mtawa wetu Sœur Adèle alizibeba mwenyewe kutoka uwanja wa ndege hadi maternité, wodi yetu ya uzazi, na hakukubali mtu ampokee mzigo. Profesa amenikabidhi mimi, kwa kuwa anasema mimi ndiye mwanafunzi pekee wa mwaka wa mwisho anayeongea na akina mama bila kuwatisha. Maelezo yako nimeyasoma mpaka nayajua kwa moyo. Mama akija na uchungu kabla mimba haijafika miezi saba na nusu, tunamweleza. Akikubali, tunafungua bahasha. Ndani kuna neno moja tu, “dawa” au “kawaida”. Wa dawa anachomwa sindano ile ile tunayowapa wagonjwa wa kifafa, ili imfikie mtoto angali tumboni na damu isije ikavuja ndani ya kichwa chake. Wa kawaida anahudumiwa kama tulivyohudumia siku zote. Halafu tunawafuata watoto mwaka mzima kuona nani ananyonya, nani anakaa, nani miguu yake inakauka kama vijiti.

Jambo moja limebadilika, na nataka ulisikie kutoka kwangu. Uliagiza bahasha zifunguliwe kwa mfuatano wa namba zake. Mama Zaina, mkunga wetu mkuu, amezitia zote katika kikapo, na kila mama anachukua yake kwa mkono wake. Nilimpinga. Akaniambia: “Weye kesho utakuwa munganga mukubwa kule Kinshasa. Mimi nitabakia hapa na hawa bamama, kwa soko, kwa kilio, fasi yote. Mutoto akikufa, watasema ni mukono ya Zaina njo ilichagua. Bon, kila mutu achukue yake.”

Mmoja wa waliokwisha kuchukua ni muuza samaki kutoka upande wa Wagenia. Alicheka katikati ya uchungu wake. “Hata bwana yangu sikumuchagua,” alisema. “Acheni nichague hii karatasi.”

Wako,
Nyota


Liège, 20 Aprili 1986

Nyota, mtoto wa dada yangu,

Barua yako imenikuta mzima. Asante kwa habari za goti na za kaburi. Hapa mvua ni ndogo na haina sauti. Mtu anajua imenyesha akiona mabega ya wenzake. Nimehama chumba, sasa nakaa karibu zaidi na hospitali. Binti yangu Élise hajaniandikia mstari mmoja tangu mwaka jana. Mwambie nimeuliza.

Kikapo kiondolewe.

Naona unadhani huu ni ukaidi wa watu wa mezani. Sikiliza. Kila mganga mwenye moyo anataka dawa hii impate yule anayemhurumia zaidi, aliye mdogo zaidi, aliyekwisha kuzika watoto wawili, anayefanana na dada yake. Tukiifuata huruma, mwishoni tutajua ni nani tulimhurumia. Hatutajua dawa inafanya nini. Namba zile ziko pale kutulinda na mioyo yetu. Kikapo ni mlango uliofunguliwa: mwenye kushika bahasha nyingi anaweza kuinua moja kwenye mwanga, kisha nyingine, mpaka aione anayoitaka. Sisemi umefanya hivyo. Nasema mlango uko wazi.

Utaniuliza kama mimi mwenyewe naamini dawa hii. Kuna siku nasimama mbele ya mtoto ambaye kichwa chake chote kinaenea katika kiganja changu, naamini. Kesho yake siamini. Ndiyo maana ya bahasha.

Kuhusu kurudi nyumbani, tuache kwanza kazi hii iishe.

Msalimie mama yako. Mwambie asipige magoti kanisani, Mungu atamwelewa.

Tonton Léon


Kisangani, 15 Juni 1986

Tonton Léon,

Salamu kutoka kwa wote. Mama alicheka kwa neno lako la kanisani, na Jumapili akapiga magoti kama kawaida. Papa bado yuko Kindu kwa kilio cha kaka yake. Élise nilimwambia kwamba umeuliza. Alikuwa anatwanga majani ya pondu. Aliendelea kutwanga. Anakula vizuri, anachoka upesi, hatoki sana. Mengine atakuandikia mwenyewe akitaka.

Nilikutii. Niliondoa kikapo, nikazipanga bahasha kwa namba ndani ya kabati, nikatia ufunguo shingoni. Mama wa kwanza aliponiona nafungua kabati na kutoa bahasha, aliuliza kwa nini ni hiyo. Nikamweleza namba. Akauliza nani aliandika namba. Nikasema daktari wa Ulaya. Akauliza kama daktari huyo anamjua yeye. Nikasema hapana. “Donc mutu hanijui amekwisha kunichagulia,” akasema. Alikunja kikwembe chake cha kiunoni, akamwita dada yake, wakatoka. Mama Zaina aliwakimbilia hadi kwenye njia ya feri, wakakataa. Alijifungua ng'ambo, kwa Lubunga, nyumbani. Mtoto hakufika jioni.

Sijui kama angeishi kwetu. Lakini kwetu tungeweka chupa za maji ya moto pande zote zake, tungempa maziwa ya mama yake tone kwa tone.

Unasema namba zinatulinda na mioyo yetu. Hapa mkono wa mtu mwingine ukikuchagulia, na mtoto akaharibika, utauona mkono huo kila siku ya maisha yako, sokoni, kisimani, kanisani. Bahasha zimefungwa kwa gundi, Tonton. Hakuna anayejua kilicho ndani, kiwe kikapo liwe kabati.

Kikapo nilikirudisha mwenyewe.

Nyota


Kisangani, 3 Agosti 1986

Tonton Léon,

Jibu lako halijafika. Wanasema ndege imekosa mafuta, na meli ya Kinshasa imekwama mchangani kabla ya Bumba. Mama mzima. Papa amerudi, amekonda. Faustin angali kiwandani.

Nakuandikia jambo la wiki iliyopita kwa sababu sina mwingine wa kumwandikia.

Alikuja mwanamke mmoja wa mtaa wetu, mimba ya kwanza, miezi saba haijatimia. Maji yalimvunjikia kwenye ngazi za nyumba. Nilimweleza kama ninavyowaeleza wote. Hakuniacha nimalize. Habari za kikapo alikuwa nazo tayari. Mji mzima unazo.

Nikamsogezea kikapo. Akaficha mikono chini ya kikwembe.

“Weye njo uchukue.”

“Hapana. Kila mtu mkono wake.”

“Weye unasomea hii. Inua kwa taa, angalia kama iko dawa, unipatie. Nani atajua?”

Mama Zaina aligeuka akatazama dirishani, na alibaki hivyo. Taa ya meza ilikuwa inawaka. Karatasi ya bahasha zako ni nyembamba kuliko ulivyodhani ulipozinunua.

“Sijui kama dawa ni nzuri,” nikamwambia. “Hakuna anayejua bado.”

“Donc munatupatia kitu hamujui?”

“Ndiyo.”

Uchungu ulimshika, akasubiri upite. Kisha akasema, “Bon. Chukua.”

Nilifunga macho nikachukua. Nilifungua mbele yake. Ilikuwa “kawaida”. Hakulia, hakunitukana. Alitazama mkono wangu, si uso wangu, akageukia ukuta.

Mtoto ni msichana. Alipotoka alitoa sauti kama ya mtoto wa paka, nasi tukashangilia sauti hiyo kimyakimya. Yuko katika katoni yenye pamba, na chupa za bia zenye maji ya moto kumzunguka. Ndugu wa mama yake wanapokezana kuchemsha maji uani. Anaishi. Mama yake ananipokea chupa, ananipokea chakula, ananijibu nikimsalimu. Ila hataki nimguse mtoto. Nikinyoosha mikono anamwita Mama Zaina.

Nijibu hili tu: ungekuwa wewe umesimama pale, ungeiinua bahasha kwenye taa?

Nyota


Liège, 2 Novemba 1986

Nyota,

Barua zako mbili zimefika siku moja, ya Juni na ya Agosti. Nimefurahi kwamba baba yako amerudi. Apewe supu ya samaki, asikatae. Mimi nina afya. Baridi imeanza mapema, na wagonjwa wetu wanakuja na mvuke mdomoni.

Katika barua ya Agosti umemtaja kila mtu wa nyumbani. Élise hukumtaja. Niliisoma mara ya pili nikimtafuta.

Yule mama wa mtaani umwandike kama wengine, uzito wa mtoto, tarehe, namba. Usimtembelee kuliko unavyowatembelea wenzake. Jambo moja halipaswi kukutikisa hivyo. Utakutana na mengi kama hilo, na kazi itakushinda.

Sasa pokea habari usiyoipenda. Wakubwa wangu wameamua kwamba bahasha za Kisangani hazitahesabiwa pamoja na nyingine. Niliwasemea kwa muda mrefu. Nilieleza kilio na soko na mkono wa Mama Zaina, na mmoja wao hata aliandika niliyosema. Lakini jibu lao ni moja: kwa kuwa bahasha zilikuwa kikaponi, hakuna awezaye kuonyesha kwamba hazikuchunguliwa. Endeleeni kuwatunza watoto. Bahasha zilizobaki zichomeni.

Nilikuonya. Siandiki hivyo kwa furaha.

Tonton Léon


Kisangani, 22 Februari 1987

Tonton Léon,

Barua yako nimekaa nayo tangu Noeli. Mama anakusalimu, Papa anakusalimu, ameanza kunenepa. Faustin anakusalimu. Hizi ndizo salamu nilizokuwa nikikutumia mwaka mzima, zikiwa na shimo katikati, nawe uliliona.

Bahasha za Kisangani hazikuchunguliwa. Mnaweza kusema hamna njia ya kulionyesha jambo hilo, ni kweli, hamna. Mimi ninayo. Mtoto yule wa mwezi wa saba wamemwita Simone.

Ni wa Élise. Ni Élise aliyeficha mikono. Ni yeye aliyeniomba niinue bahasha kwenye taa, dada yangu tuliyelala mkeka mmoja tangu utoto, nami nilikumbuka maneno yako ya mwezi wa nne, kwamba namba zinatulinda na mioyo yetu, nikafunga macho. Kama kungekuwa na bahasha moja duniani ya kuchunguliwa, ingekuwa hiyo. Na hiyo mmeitupa pamoja na nyingine.

Alinikataza kukuandikia, tangu mimba ilipoonekana. Nilimwuliza kwa nini. Alisema: “Papa alienda kwa masomo ya miaka mbili. Mama alikufa akimungojea. Mimi sitamungoja.” La kumjibu, wewe hujawahi kunipa.

Simone ana macho makubwa na anacheka akimwona Papa. Hakai bado. Mama akimwinua, miguu yake inavukana kama mkasi, na ukiiachanisha inarudi. Niliona kabla ya wote, nikiwa nimekaa upande wa pili wa chumba, kwa sababu huko ndiko ninakokaa. Sijamshika hata mara moja. Tunakula sahani moja mimi na Élise, tunasukana nywele. Mtoto anapita juu ya mikono yangu kwenda kwa mwingine.

Élise haniulizi kitu. Anajua tu kwamba mkono wangu ulitoa “kawaida”, na kwamba kikaponi zilibaki nyingine.

Hesabu zenu zikiisha, niandikie upesi kama hiyo nyingine ingemsaidia. Usinifiche.

Nyota


Liège, 8 Oktoba 1987

Nyota,

Samehe barua isiyo na salamu. Nilianza kadhaa zenye salamu, na kila moja nilishindwa kuivuka.

Hesabu zimefungwa wiki hii. Watoto ambao mama zao walipata dawa na wale ambao mama zao hawakupata wako sawasawa. Damu ilivuja kwa hawa na kwa hawa, miguu imekauka kwa hawa na kwa hawa. Wa dawa walikuwa wazito tu kuamka na kunyonya. Tutaijaribu nyingine. Msomee Élise mstari huu kama ulivyo.

Uliniuliza kama ningeiinua bahasha, na sikukujibu. Kama ningejua kwamba ni Élise, ningeiinua. Ningempa dawa, na isingemsaidia, nami ningekufa nikiamini kwamba nilimwokoa mtoto au kwamba nilimharibu.

Miguu isiachwe. Asubuhi na jioni, mtoto akitoka kwenye maji ya moto, alazwe chali. Mtu mmoja amshike kiuno kisiinuke. Mwingine ashike mapaja, asishike vifundo, afungue polepole mpaka msuli ukatae, asubiri hapo, afungue tena kidogo. Asilazimishe. Kazi hii haiwezi kufanywa na mtu mmoja. Nimeona akina mama wakijaribu peke yao, mtoto anageuka nusu na mgongo unapinda.

Nimempa Sœur Adèle kofia ya sufi amletee mtoto. Najua Kisangani ni joto. Sikujua nimpe nini. Wala sijui ukubwa wa kichwa chake.

Léon


Kisangani, 29 Novemba 1987

Tonton Léon,

Mama anakusalimu, Papa, Faustin, Élise na Simone wanakusalimu. Leo nimewaandika wote.

Nilimsomea Élise barua yako kwenye veranda, mchana, watu wa nyumba wakiwa kanisani. Nilipofika kwenye mstari ule alininyamazisha kwa mkono, akaniambia niurudie. Nikaurudia.

“Sawasawa?”

“Sawasawa.”

“Hata kama ungeinua kwa taa?”

“Hata kama.”

Mtoto alikuwa amelala juu ya magoti yake, naye Élise alikuwa anamvuta kidole kimoja kimoja cha mguu, kama tunavyofanya.

“Na papa? Yeye angeinua?”

Nikamsomea mstari huo pia. Alicheka kidogo, kwa puani.

“Anasema vile sababu yeye iko mbali,” alisema. Kisha: “Lakini amesema.”

Hakunikumbatia, kama unangoja nikuandikie hivyo. Aliingia ndani, nikamsikia anamimina maji kwenye beseni. Aliporudi alitandika mkeka, akamlaza Simone chali, akamshika kiuno kwa mikono miwili. Simone alikuwa ametulia, anatazama mbayuwayu chini ya paa. Nilibaki nimesimama. Nilidhani anamngoja Mama atoke kanisani.

“Nyota, kuja. Maji inapoa.”

Nikapiga magoti.

“Kwa paja, haiko kwa kifundo. Si ulisoma?”

Ni mwepesi sana, Tonton. Nimepima watoto wengi, lakini huyu nilikuwa nimemwona kwa mbali hata nikamdhania mzito. Ngozi yake ilikuwa bado na maji. Chini ya vidole vyangu msuli ulikuwa mgumu kama kamba iliyolowa, ukakataa, nikasubiri kama ulivyoandika, na baada ya muda ukalegea kidogo, upana wa ukucha hivi. Élise aliona. Alibadilisha jinsi alivyoshika kiuno ili nipate nafasi. Sasa tunafanya kila asubuhi na kila jioni. Simone ananililia mimi, si mama yake, kwa sababu mimi ndiye ninayefungua. Nimekubali.

Kofia haimwingii. Élise aliijaribu pande zote, kisha akaniomba uzi. Alimzungushia Simone kichwani, akaukata pale ncha zilipokutana, akaukunja, akasema niutie ndani ya barua yako. Nilimwuliza kama anataka niongeze neno lake. Alisema hapana.

Ni uzi mwekundu, mfupi. Fungua bahasha polepole usije ukaanguka.

Nyota